Helmeti ya karatasi imepinda shavu na bado inanata: itaokoka?

Msomaji mmoja wa Langoni, Lamu, ameniandikia hivi: "Fundi, shikamoo. Nimetengeneza helmeti ya mwanaanga kwa vipande vya manila nilivyochapisha saiba, nikaviunga kwa gundi nyeupe. Halafu nikaipaka resini niliyopewa na fundi wa boti. Leo siku ya nne bado inanata, na shavu la kushoto limeingia ndani. Huyo fundi ananiambia nitandike ndani mati tatu za 450, itanyooka yenyewe. Ni kweli? Tunataka kuivaa kwenye video tutakayopiga Shela, kule kwenye vilima vya mchanga."

Marahaba, mwanangu. Picha zako tatu nimezitazama kwa utulivu, na ile ya mbele nimeikuza mpaka nikaiona alama ya kidole chako kwenye paji. Jibu la haraka ni kwamba inaokoleka, ila usitandike mati, yaani zile shuka za nyuzi za faiba, leo wala kesho. Resini haina kazi ya kunyoosha. Resini huishika sura ile ile iliyoikuta. Ikikuta shavu limeingia ndani, itakufungia shavu lililoingia ndani, na hizo mati tatu za 450 zitahakikisha halitoki tena mpaka Kiyama.

Kabla hujaniuliza fundi wa boti kaingiaje kwenye mambo ya wanaanga: kazi yangu ni kuziba na kuunda boti za faiba hapa Malindi, nyingi zikiwa hizi zinazopeleka wageni kuvua bahari kuu. Helmeti ya kwanza niliifanya kwa ajili ya binti yangu, maonyesho ya sayansi ya shule. Ngomeni hapa na sisi ni pua na mdomo, na tarehe 12 Desemba 1970 roketi ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, pale baharini mbele ya Ngomeni, ikapandisha setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa mahususi kuchunguza miali ya eksirei itokayo angani. Kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa inatimiza miaka 7 ya kujitawala, Wamarekani wenye setilaiti yao wakaiita Uhuru. Binti akataka kusimulia habari hiyo akiwa ameivaa helmeti yake. Nikajidai najua faiba, nikaifanya kwa usiku mmoja. Asubuhi ilikuwa imepinda vibaya kuliko yako.

Tuanze na huko kunata, maana kama resini yenyewe haijaiva, hatuna cha kunyoosha.

Watu husema resini "imekauka", na neno hilo ndilo linalowapoteza. Rangi hukauka: maji au tina hutoka, rangi inabaki. Resini ya poliesta haikauki, huiva. Hadena, yaani ile dawa ya kuivishia, inapoingia, resini yenyewe hushikana chembe kwa chembe mpaka ikawa kitu kimoja. Ni jambo la karibu zaidi na maziwa yanavyoganda kuliko nguo inavyokauka kwenye kamba. Kwa hiyo kuianika siku nne juani ukingoja ikauke ni sawa na kuanika maziwa ambayo hukuyatia mbegu ya mtindi.

Fanya jaribio hili. Tafuta mahali pasipoonekana, ndani ya shingo kwa mfano, ukandamize kwa ukucha wa kidole gumba. Ukucha ukiteleza na kilichonata ni ngozi ya juu tu, huna tatizo. Fundi wako alikupa resini ya kutandikia. Hiyo haina nta ndani yake, na uso wake unaoguswa na hewa haumalizi kuiva kwa sababu oksijeni huuzuia. Sisi wa boti twaitaka hivyo hivyo, ili tabaka la pili lishikane na la kwanza. Futa kwa kitambaa kilichoguswa na asetoni, kilichoguswa tu, kisilowe, kunata kutapungua. Lakini ukucha ukizama kama kwenye kipande cha sabuni, resini haijaiva ndani, na hapo kosa liko kwenye hadena.

Umeniandikia kwamba ulitia "matone kadhaa". Mwanangu, matone kadhaa si kipimo. Hadena huwa asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa resini. Gramu 100 za resini zinataka mililita 1 hadi 2 hivi. Kwa joto la pwani mimi hukaa kati ya 1 na 1 na nusu, na kipindi cha kaskazi, jua linapochoma kweli kweli, sipandi juu ya 1. Chini ya hapo unaweza kupata kitu ambacho hakitaiva kabisa hata ukingoja mwaka, na kuzidisha nako si dawa: huiva kwa pupa, hupata joto, hupasuka nyufa. Nunua siringi ya mililita 5 kwenye duka la dawa na mizani ndogo ya jikoni ya dijitali. Vikishaguswa na kazi hii, visirudi jikoni.

Kama ni kweli haijaiva, njia ya kuiokoa ni kupaka juu yake tabaka jembamba la resini iliyopimwa sawasawa, asilimia 1 na nusu, saa nne asubuhi siku ya jua, kisha uiache hadi kesho. Mara nyingi tabaka jipya huivisha na lile la chini. Usipake hadena tupu juu ya resini mbichi ukadhani utaiharakisha. Na ikiwa baada ya siku mbili ukucha bado unazama, iage. Manila ni rahisi, na mkono wako umeshajifunza kukunja.

Jambo jingine ni unyevu. Kwenye picha ya pili sakafu imelowa, nikajua umefanya kazi hii mvua ikinyesha. Karatasi huvuta unyevu hewani kama chumvi inavyovuta, na wewe ukaongeza gundi nyeupe, ambayo ni ya maji. Ndani ya zile kingo zilizobebana mara mbili, maji yalikuwa bado yamelala ulipopaka resini, na resini na maji hazipatani. Ndiyo maana kwenye maungio yako naona ukungu mweupe. Gundi nyeupe si mbaya, ila ingoje siku mbili tatu ikauke kabisa. Mimi hutumia supaglu, tone moja kila ukingo, kwa sababu sina subira. Kabla ya kupaka resini, weka helmeti juani saa moja nzima, iingize kivulini ipoe, ndipo upake. Ukimaliza kabla ya saa nane mchana, itakuwa imeshika kabla upepo wa jioni haujaleta umande wa bahari.

Sasa shavu.

Karatasi ikinywa resini mbichi hulegea kama chapati iliyoloweshwa mchuzi. Kwa dakika kama ishirini helmeti yako haikuwa na nguvu yoyote, na wewe ulikuwa umeilaza ubavu wa kushoto, nauona mkunjo wa gazeti pale chini. Uzito wa resini ukaliingiza shavu ndani, kisha resini ilipoiva ikanywea kidogo, maana poliesta hupungua ujazo inapoiva, ikazidi kuvuta kuelekea ndani. Kisha ikafunga. Hakuna uchawi hapo, ni kulazwa tu.

Ukipita Makumbusho ya Lamu, utazame mfano wa mtepe, chombo cha kale cha kushonwa. Wazee wetu waliushona ubavu kwanza, ubao kwa ubao, kwa kamba, na mataruma, yaani mbavu za chombo, yakaingia baadaye kuushika kwa ndani. Ubao uliweza kusimama peke yake ukingoja mataruma. Karatasi haiwezi. Mataruma ya helmeti huingia kabla ya tone la kwanza la resini. Chukua vijiti vya mishikaki au vipande vya boksi gumu, upime upana wa ndani kutoka sikio hadi sikio, kutoka shavu hadi shavu, kutoka paji hadi kisogo, ukate kwa urefu huo huo na ushikize kwa supaglu. Vijiti vitano sita vinatosha. Mdomo wa shingo ndio unaopenda kufunguka au kujikunja zaidi, kwa hiyo pale weka msalaba. Halafu usiilaze popote. Mimi huisimamisha juu ya chupa ya maji ya lita 5 iliyojaa, kilele kikikaa kwenye kifuniko, nikaizunguka yote kwa brashi bila kuigusa.

Kwanza jua limeingia kiasi gani. Jicho hudanganya, hasa jicho la mwenye kitu. Chukua uzi, weka alama katikati ya paji na nyingine katikati ya kidevu, upime kutoka kila alama hadi kona ya taya, kushoto na kulia. Tofauti ya nusu sentimita hakuna atakayeiona, fila, ule uji mzito wa kuzibia mabonde, itaimaliza. Kwa picha yako nakisia tofauti ya sentimita 2, na hiyo kamera itaiona hata jua la Shela likikupiga usoni.

Kwa kuwa umepaka nje tu na tabaka ni jembamba, kuna bahati. Azima draya ya saluni, toka nje, uipashe moto ile sehemu iliyoingia kwa kusogezasogeza, isikae mahali pamoja. Resini nyembamba juu ya karatasi hulainika kidogo ikipata joto. Ukiona inaitikia, isukume kwa ndani taratibu, weka kijiti cha kuishikilia, uiache ipoe ikiwa imebanwa. Usitumie mshumaa wala jiko. Ukiona inagoma, usishindane nayo, utavunja kingo. Chukua msumeno wa chuma, upasue kutoka ukingo wa shingo kwenda juu hadi pale ubonyeo unapoanzia. Ubavu ukipata pa kuponyokea utanyooka wenyewe. Weka mataruma, funga mpasuko kwa tepu ya karatasi upande wa nje, dondosha supaglu kwa ndani. Nyufa za namna hii zisikutie huzuni. Boti nyingi unazoziona ziking'aa pale gatini zina makovu mabaya zaidi chini ya rangi.

Uzi ukishakwambia pande mbili ni sawa, ndipo tuzungumze mati.

Fundi wako hakukosea kwa boti. Boti hupigwa na wimbi, huburutwa mchangani, hubeba injini. Helmeti yako inabeba sifa tu. Tupige hesabu. Ndani ya helmeti ya kawaida kuna karibu robo ya mita ya mraba. Namba 450 maana yake ni gramu 450 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo mati tatu ni kama gramu 340 za faiba. Mati hunywa resini mara mbili hadi mbili na nusu ya uzito wake, weka gramu 840. Tayari umebeba kilo 1 na gramu 200 kichwani, bado fila, bado rangi, bado kioo na sponji. Shingo ya mtu si mlingoti. Mati mbili za 300 zitakupa faiba gramu 150 na resini kama gramu 375, jumla zaidi kidogo ya nusu kilo, na helmeti hiyo utaiangusha sakafuni na kuiokota. Ukipata mati ya 225 ni nzuri zaidi, inakubali kona. Mati nene haikunjiki kwenye kona, hujinyanyua na kuacha utupu nyuma yake. Kona kali zote za ndani zijaze kwanza kwa fila kidogo, ziwe na mviringo.

Nakueleza nafanyaje, ili ujue unachotakiwa kukiona.

Naichana mati kwa mkono, siikati kwa mkasi, vipande vya ukubwa wa kiganja. Ukingo uliochanwa una nyuzi zilizotawanyika, na kipande kikipanda juu ya kipande huwezi kuona pa kuungia. Ukingo wa mkasi huacha ngazi. Vipande vyote navipanga juu ya boksi kabla ya kuchanganya chochote, maana resini ikishatiwa hadena haimsubiri mtu anayetafuta mkasi. Nachanganya gramu 100 tu kwa mara moja, kwenye kikopo cha plastiki kipana, nakoroga polepole dakika nzima nikikwangua pande na chini. Napaka resini kidogo ndani ya helmeti, naweka kipande, kisha naidonoadonoa mati kwa ncha ya brashi. Sivuti brashi. Ukivuta, nyuzi zote zitakufuata na utakuwa umeshika ndevu.

Mwanzo mati ni nyeupe kama pamba. Ukiendelea kudonoa, weupe unaanza kufa kutoka katikati, mati inakuwa wazi, na ghafla unaisoma namba uliyoiandika kwa penseli ndani ya karatasi, kama unaiona chini ya maji. Hapo imeshiba. Weupe unaobaki ni hewa: idonoe tena, isukume kuelekea ukingoni. Ukiona resini inajikusanya kwenye kidimbwi, umezidisha, inyonye kwa kipande cha mati kikavu. Resini ikianza kuvutika kama ute wa bamia, acha, hata kama kikopo bado kina kitu. Brashi iende kwenye asetoni, na kikopo kikae nje juu ya mchanga.

Hilo la kikopo nalisema kwa ushahidi. Mwaka mmoja, mwezi wa Februari, nilichanganya nusu kilo kwenye kopo refu, ikaadhiniwa adhuhuri, nikaenda kuswali. Nilirudi nikakuta kopo limelainika kama mshumaa, linatoa moshi wa njano, na meza chini yake imebabuka. Resini ikiiva hutoa joto, na ikiwa imekusanyika pamoja, joto halina pa kwenda. Ikitandazwa kwenye ukuta wa helmeti haina neno. Ndiyo maana nakwambia gramu 100.

Tabaka la kwanza likishika na kupoa, la pili lifuate kesho yake. Kule kunata kulikokutia wasiwasi ndiko kutakakolishika.

Mataruma toa baada ya tabaka la kwanza kushika. Yale yanayoingia njiani kabla ya hapo, kata moja, tandika mahali pake, kisha hamia jingine. Usiyatoe yote kwa pamoja.

Sasa naomba unisikilize kwa makini, maana hapa sina mzaha. Ile harufu kali ni ya stairini, kemikali iliyomo ndani ya resini. Barakoa ya kitambaa, au ile ya bluu ya hospitali, haiizuii hata kidogo. Unahitaji barakoa ya mpira yenye vichujio vya mkaa kwa ajili ya mvuke wa kemikali, na hata ukiwa nayo fanya kazi nje, upepo ukitoka nyuma yako. Picha yako ya tatu inaonyesha uko kwenye kiwanda cha nyumba, yaani ua wa ndani, kuta ndefu pande zote nne. Pale mvuke hauna pa kutokea, na juu yako naona makuti. Resini na asetoni hushika moto kwa cheche, na makuti ya Lamu yakishika moto, mtaa mzima utakujua jina. Nenda ufukweni mahali penye nafasi, mbali na jiko, sigara na watoto.

Hadena ndiyo hatari kuliko vyote. Tone moja likiingia jichoni linaweza kukupofusha. Vaa miwani ya kufunika pande zote, si ya jua. Likiruka, maji safi mengi hapo hapo, dakika zisizopungua 15 jicho likiwa wazi, ndipo hospitali, wala usianze na hospitali. Kwa hiyo dumu la maji likae karibu kabla hujafungua chupa. Na kuna resini zinazouzwa na chupa ya tatu, kimiminika cha rangi ya zambarau, cha kuharakisha uivaji. Hicho na hadena visikutane peke yao kamwe, hulipuka. Kwa anayeanza, ombeni resini ambayo imeshachanganywa nacho dukani, mtie hadena tu.

Asetoni iliyobaki usiimwage mchangani. Vile vilima vya Shela mnavyotaka kupigia video ndivyo vinavyohifadhi maji ya kunywa ya mji wenu.

Faiba ikiiva, zamu ya fila na msasa. Vaa mikono mirefu, jifunge barakoa ya vumbi, na ukimaliza oga kwa maji ya baridi kwanza. Vile vipande vya kioo vikiingia kwenye ngozi utajikuna usiku kucha. Bodi fila ile ya magari inafaa: tabaka jembamba, msasa namba 80, tena tabaka, 120, kisha 220, ukimalizia na 400 ya maji. Wazee walikuwa wakisugulia mbao kwa majani ya mti wa msasa, ndipo jina lilipotoka. Sehemu hii ni ndefu na haina siri yoyote, ni mkono tu. Praima ya kijivu itakuonyesha kila kasoro, kwa hiyo ipulize mapema, ukasirike, urudi kwenye msasa. Rangi ya mwisho tabaka nyembamba tatu nne.

Kioo usitumie kioo cha kweli. Kata ngao ya uso ya helmeti ya bodaboda, hata ya kuokoteza. Bandika tepu pande zote mbili, chora, kata kwa msumeno wenye meno madogo. Asetoni isiiguse, itaingia ukungu na nyufa. Vioo vya wanaanga wa kweli hupakwa dhahabu nyembamba sana kurudisha joto la jua. Wewe tinti ya gari ya rangi ya dhahabu itakutosha. Ila ujue ukivaa tinti ile na kuingia kwenye vichochoro vya Langoni kutoka juani, huoni ngazi wala punda. Mtu wa kukushika mkono awepo. Ndani tia sponji ya godoro mahali pa utosi, paji na kisogo. Toboa matundu chini ya kidevu na nyuma, weka feni ndogo ya kompyuta ya volti 5 inayotumia pawabanki, ipulize kuelekea nje. Bila feni, kwenye mchanga wa Shela saa saba mchana, hutamaliza dakika tano.

Na usiivae mpaka harufu iishe kabisa. Iache mahali penye upepo wiki nzima, mbili zikibidi. Ukiweka pua ndani na bado unaisikia resini, kamera ingoje. Pia asikudanganye mtu kwamba kwa sababu ni faiba unaweza kuipandia bodaboda. Hii ni vazi. Haina lile tabaka la ndani la kumeza pigo.

Umeuliza pia, mwisho wa barua, kuhusu helmeti ya pili ya mdogo wako wa miaka minane. Kwa mtoto usitumie resini kabisa. Sura ile ile ya manila, ndani utandike vitambaa vya shuka la zamani vilivyochovywa kwenye gundi nyeupe, matabaka matatu, kila moja likauke siku nzima. Itakuwa ngumu ya kutosha, nyepesi, na haina sumu. Uji wa ngano pia unashika, lakini mende wataila. Na usiianike barazani, nawajua punda wenu, boksi na karatasi kwao ni chakula.

Kwenye hiyo ya pili, anzia saiba. Programu ya Pepakura, ile ya Kijapani inayofungua umbo na kuligeuza vipande vya karatasi, hupima kwa milimita, lakini printa za saiba zina tabia ya kubana ukurasa uenee. Mwambie mwenye saiba achape kwa asilimia 100, na kabla ya kurasa zote achape moja uipime kwa rula. Mstari wa sentimita 10 ukitoka 9 na nusu, kichwa hakitaingia, na utaligundua hilo siku ya mwisho. Karatasi iwe ya gramu 180 hadi 200. Mistari ya kukunja ipitie kwanza kwa kalamu isiyo na wino na rula, ndipo ukunje. Ile ya vistari na nukta na ile ya vistari vitupu hukunjwa pande tofauti, usizichanganye. Kisha pima shingo. Watu wengi hupima kichwa kikikaa ndani, wakasahau kwamba kichwa lazima kipite kwanza, na masikio yake.

Usipake fila kabla sijaona. Nyoosha shavu, weka mataruma, kisha nitumie picha mbili za mbele, uzi ukiwa umekazwa kutoka paji hadi taya ya kulia, na mwingine wa kushoto, na rula kando ya kila mmoja.